Kibao Kinataka Namba

Biashara Unguja siku hizi haianzi kwa mtaji, inaanza kwa namba ya simu. Mtaji utaukopa kwa shemeji, leseni utaifuatilia huku mambo yanaendelea, hata mzigo unaweza kuuchukua kwa mali kauli ukaupanga barazani ukapendeza. Namba haikopwi. Lazima iwepo siku ya kwanza, iandikwe kubwa kwa rangi nyekundu, isomeke na mtu aliyepanda daladala ya Mwanakwerekwe bila kuteremka. Na watu wakishaiona ndipo wanapoamua kama wewe ni mtu wa kupigiwa, wa kubipiwa, au wa kupitwa.

Mke wangu ameamua kukodisha vifaa vya shughuli: viti, maturubai, masufuria ya pilau ya watu mia tatu, masinia, mabirika ya kunawia mikono na majamvi ya hitima. Mimi katika biashara hiyo nina vyeo viwili. Cha kwanza ni kubeba viti. Cha pili ni kupokea simu, kwa kuwa, anasema, mimi nipo nyumbani "naandika tu". Msomaji, hilo "tu" nimelisikia, na nimelinyamazia kwa sababu masufuria ni ya kwake.

Kazi ya kuchagua namba tulimpa mpwa wangu, kijana aliyemaliza chuo Tunguu na ambaye tangu amalize hasemi tena "mpango", anasema "mkakati". Akaja na daftari. "Mjomba," akaniambia, "namba ya biashara ina maswali mawili tu. Anapiga nani, na analipa nani." Nikamwambia hilo la pili ndilo swali la mji mzima tangu enzi za Seyyid Said, na hajapatikana wa kulijibu.

Mchoraji wa vibao naye alikuwa keshaanza. Bati limepigwa msasa, limepakwa nyeupe, limevutwa mistari miwili ya penseli kwa kutumia ubao wa sanduku la sabuni. Mstari wa juu kaandika VITI NA MATURUBAI kwa herufi zenye kivuli, na kivuli chenyewe kakipaka buluu. Mstari wa chini mtupu, unasubiri. Yeye hutoza kwa herufi, kwa tarakimu na kwa alama, kila kimoja na bei yake. Kwa hiyo aliponiuliza kwa upole, brashi mkononi, "Bwana mkubwa, tuanze na sifuri au tutie ile ya kujumlisha na 255?", nilijua haulizi kwa ajili ya wateja wangu.

Lakini swali lenyewe si la mzaha. Ukianza na sifuri, jamaa wa nje akiipiga kama ilivyo haendi popote. Ukianza na ile alama ya kujumlisha, mzee wa Makunduchi mwenye kiswaswadu anaitafuta kwenye vitufe haioni, kwa sababu hajaambiwa kwamba hushikiliwa sifuri mpaka ijitokeze. Ukitaka kuwaridhisha wote ukaandika 255 na sifuri ndani ya mabano, basi watu wanapiga kila walichokiona, mabano tu ndiyo wanayaacha, na sauti ya yule dada inawajibu kwamba namba waliyopiga haipo. Hapo mteja hamlaumu dada. Anasema: "Wale wa viti wameshafunga."

Chaguo la kwanza la mpwa lilikuwa simu ya mezani. 024, ya Unguja na Pemba, kama 022 ilivyo ya Dar es Salaam na 027 ya Arusha, Kilimanjaro na Tanga. Namba nyingi za Mji Mkongwe baada ya 024 huendelea na 223, na mtu wa makamo akiiona 024 223 huketi vizuri. Namba hiyo ina ukuta. Ina mlango na waya, na haiwezi kupanda boti ya asubuhi na amana za watu ikateremkia Dar es Salaam. Ndiyo maana hoteli, mawakili na maofisi bado wanaing'ang'ania hata kama anayepiga anaishia kuzungumziwa kwenye simu ya mkononi ya mlinzi.

Tabu yake ni huo huo ukuta. Simu inalia Malindi, na mpokea simu, ambaye pia ndiye mbeba viti, yupo Jang'ombe anabishana na mwenye shughuli kuhusu kiti kilichorudi na miguu mitatu. Mpwa akasema mbona rahisi, tunaihamisha simu ya mezani iingie kwenye ya mkononi. Mke wangu akauliza, "Na hiyo safari ya pili, kutoka mezani mpaka mkononi, nani analipa?" Daftari likafunuliwa ukurasa mwingine. Kumbe mpigaji analipa mpaka ukutani kwako. Kutoka ukutani kwenda mfukoni kwako unalipa wewe. Mezani ikafutwa, heshima na yote.

Chaguo la pili ndilo lililonikosesha usingizi: namba ya 0800. Mpigaji halipi hata senti, analipa mwenye namba. Mpwa alilieleza kwa macho kung'aa. Makampuni makubwa yanafanya, taasisi za serikali zinafanya, mteja anaona anaheshimiwa, anapiga bila kusita. Nikaona nami nitaheshimika. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Mpigie jirani yako yule wa Kiponda sasa hivi umuulize bei ya samaki. Tukuone."

Nikapiga, sauti nje, wote wanasikia. Assalaamu alaykum. Waalaykumu salaam warahmatullah. Hujambo bwana? Sijambo, sijui wewe. Namshukuru Mungu. Habari za tangu juzi? Nzuri. Watoto? Hawajambo, wanakusalimu. Bi Mkubwa mguu wake? Unapoa poa. Yule kijana keshapata kazi? Bado, lakini kaahidiwa. Mvua huko imenyesha? Bwana, tumo mji mmoja! Aa, lakini mvua ya siku hizi inachagua mtaa. Na yule mgonjwa wenu wa Mnazi Mmoja? Katoka, alhamdulillahi. Basi tunamshukuru Mungu. Ndiyo hivyo. Ndiyo hivyo tena. Haya, nilikuwa nakuuliza, samaki...

"Hapo," mke wangu akasema, "ndipo kiti cha kwanza kinapotajwa. Yote ya nyuma utayalipa wewe."

Na hapa ni mahali pa kusema kitu ambacho vijana hawakijui. Mji huu ulikuwa na mawasiliano ya nje kabla ya miji mingi ya bara hili. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini mpaka Durban. Waingereza walikuwa vitani na Wazulu, na habari za kushindwa kwao zilikuwa zikichukua wiki kadhaa kufika London. Jengo la simu za nje pale Shangani leo ni hoteli ya Serena, unaweza kwenda kunywa chai mahali palipokuwa pakigongwa simu za maandishi. Basi simu zile zilitozwa kwa neno. Neno moja, bei yake. Hebu fikiria mtu wa Unguja anatozwa kwa neno! Mguu wa Bi Mkubwa usingetajwa. "Baba kafa njoo" ndiyo ilikuwa barua nzima, na pengine mwenye kubana matumizi aliliondoa hilo "njoo", kwani mtu akishasikia baba kafa kuja ni wajibu wake. Ubahili tulifundishwa na waya, ukarimu tukarudishiwa na vifurushi.

Tena 0800 ina kasoro ya pili, nayo kwa biashara yetu ndiyo kubwa. Namba hizo zimetengenezwa kupigwa humu humu nchini. Na harusi za Unguja, kama hujui, haziandaliwi Unguja. Bibi harusi yupo Fuoni, lakini mwenye pesa ya turubai yupo Maskati, mwenye kuchagua rangi ya viti yupo London, na mwenye kupinga kila kitu yupo Toronto.

Wa London ni shemeji yangu, naye alipopata habari ya mkakati alitoa mchango wake. Kule Uingereza, akasema, kuna namba zinazoanza na 084 na 087, ambazo anayepiga analipa mara mbili: sehemu kwa kampuni yake ya simu, na sehemu inakwenda upande wa pili, kwa wanaoihudumia ile namba, na mwenye namba mwenyewe anaweza kupata mgawo. Yaani unapongojeshwa na muziki, kungoja kwako ni mapato ya mtu. Watu walilalamika miaka na miaka. Juni 2014 ikawekwa sheria kwamba aliyekuuzia kitu asikupe namba ya aina hiyo unapotaka kumuuliza juu ya ulichokinunua, na tangu Julai 2015 zile bei mbili lazima zitajwe mbalimbali, hii ya huyu na hii ya yule. Mpwa wangu katika maelezo yote hayo alisikia neno moja tu: mapato.

"Mjomba, na sisi si tunazo za 0900?" Tunazo, za huduma za kulipia zaidi. Na nakiri moyo uliniruka. Nilimfikiria yule mteja anayepiga kila Ijumaa baada ya sala kuuliza kiti bei gani, turubai bei gani, sinia bei gani, ukichukua mia unapunguziwa, na vya plastiki na vya chuma tofauti yake nini, kisha anasema "haya, nitakupigia", na Ijumaa ya pili anaanza upya kwenye kiti. Huyo peke yake angetununulia jenereta. Lakini mke wangu akasema mtu wa kulipa zaidi kuulizia kiti hajazaliwa kisiwa hiki, na kama kazaliwa kahamia.

Basi turudi kwa wa Maskati, maana yeye ndiye mwenye pesa. Kwa nini asipige simu ya kawaida? Kwa sababu kupiga Tanzania kutoka nje si mchezo. Mwaka 2013 mamlaka zetu ziliweka mtambo wa kuhesabu simu zinazoingia kutoka nje na kupanga bei ya chini ya kuziingiza, senti 25 za dola kwa dakika, na serikali nayo ikapata fungu lake humo. Ile ni bei ya mlangoni tu, kampuni ya kule nayo ina yake. Kwa nini basi asipige kwa WhatsApp? Kwa sababu Oman na Imarati simu za WhatsApp zimekuwa zikizibwa kwa miaka mingi. Ujumbe unapita, picha inapita, sauti ya kurekodi inapita. Kupigiana ndiyo hapana.

Kwa hiyo shangazi wa Maskati harusi anaiendesha kwa sauti za kurekodi. Naye hajui kwamba kitufe kile kinaachiliwa. Anaanza na bismillahi, anamswalia Mtume, anaulizia watu wote wa nyumba kwa majina na kujijibu mwenyewe kwa kuwa hakuna wa kumjibu, katikati anamgombeza mtumishi kuhusu pazia, anarudi, anasahau alipokuwa, anaanza tena kwenye mguu wa Bi Mkubwa. Idadi ya viti huwa mwisho kabisa, sekunde mbili, tena kwa sauti ya chini kwa sababu mkono umechoka. Na bando la kupakua hayo yote ni la nani? La mpokea simu.

Nilipochoka na hesabu za nyumbani nikatoka kwenda Jaws Corner kunywa kahawa. Anayetaka kujua bei za simu Unguja asiende kwenye duka la simu, aende pale. Juu ya bao na kahawa kuna simu ya zamani imetundikwa kwenye nguzo, na maandishi ya Kiingereza yanayosema kupiga nchi za nje ni bure. Haina waya wa kwenda popote. Watalii wanaishika mkono wake, wanajifanya wanazungumza na mama zao, wanapigwa picha, wanacheka, wanakwenda. Mimi naiona ndiyo simu pekee ya biashara katika Mji Mkongwe iliyopangwa vizuri: kila mtu anaijua, haijamtoza mtu, na mwenyewe hajawahi kuamshwa usiku.

Pale barazani hoja yangu ilipokelewa kwa uzito. Mzee mmoja akasema lazima iwe 0777, hakuna mjadala. Hapa wageni wanahitaji maelezo. Zantel ilianzishwa mwaka 1999, ikawa ndiyo mtandao wa kwetu, na namba zake mwanzo zilikuwa 0747 mpaka zilipobadilishwa zikawa 0777, kama zile 0744 za Vodacom zilivyogeuka 0754. Zamani ukimpa mtu wa Unguja namba ya mkononi isiyokuwa ya saba tatu, alikutazama akakuuliza umekuja na boti gani. Kampuni yenyewe imeshapita mikono: mwaka 2015 Millicom wakainunua sehemu kubwa, baadaye ikaunganishwa na Tigo, na Novemba 2024 majina yote mawili yakafutwa ikawa Yas. Mzee yule hayo yote anayajua. "Jina libadilike watakavyo," akasema, "saba tatu ni zetu."

Kijana aliyekuwa anapanga kete akamkumbusha kwamba tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile, kwa hiyo 0777 siku hizi yaweza kuwa imelala kwa kampuni nyingine kabisa. Mzee akamtazama. Akamwambia mtu aweza pia kuhamia Kinondoni akabaki na lafudhi ya Mkunazini, na lafudhi ndiyo anayoitaka yeye.

Wa tatu akasema kosa ni kutaka namba moja. Niandike nne, kila mtandao yake, ili kila mpigaji apige ndani ya mtandao wake kwa bei nafuu. Huyu hesabu zake zilikuwa za zamani, lakini si za kuchekwa. Wakati ule kuvuka mtandao kulikuwa ghali kwa sababu kampuni yako ililazimika kuilipa kampuni ya unayempigia ili simu ipokelewe kule. Ndiyo maana watu tulitembea na simu tatu, au simu moja na laini zimefungwa kwenye karatasi ndani ya pochi, unafungua mfuniko wa nyuma kwa kucha katikati ya mazungumzo. Kisha TCRA ikaanza kuishusha ile ada ya kupokeana: shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Ndipo vifurushi vya dakika za mitandao yote vikawa jambo la kawaida, na ile pochi ya laini ikabaki na picha ya pasipoti na risiti ya umeme.

Sisemi vifurushi ni rehema. Vina tarehe ya kufa. Unanunua dakika za wiki, unazilinda, unazungumza kwa mkato usizimalize, na usiku wa mwisho unagundua zimebaki nyingi, unaanza kuwapigia watu uliogombana nao. Aprili 2021 bei zake zilipopandishwa ghafla nchi ilipiga kelele mpaka serikali ikazisimamisha zile bei mpya. Ni mara chache nimeona bara na visiwa wakisema neno moja kwa sauti moja, na neno lenyewe lilikuwa bando.

Namba nne kibaoni, hata hivyo, ni tarakimu arubaini, na mchoraji aliposikia habari hiyo alianza kutabasamu kabla sijamaliza. Halafu kila laini inataka kusajiliwa. Tangu 20 Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na mke wangu vidole vyake vimekunwa na mbuzi ya nazi miaka yote hii, mashine haivioni. Wakala anamfutia kidole kwa kitambaa, anamwambia abonyeze, haikubali, cha pili, haikubali, mkono wa kushoto, haikubali. "Mama, vidole vyako havina mistari." "Mistari imeingia kwenye tui lako, mwanangu, ulilolinywa kwenye shughuli zangu." Kidole gumba kilikubali mwisho, baada ya kupakwa mafuta. Laini moja. Hizo nyingine tatu alisema labda aende na vidole vya jirani.

Sijasema bado kuhusu kubipu. Mpwa kwenye daftari lake hakuiweka, na ndiyo namba ya bure yenye wateja wengi kuliko zote Afrika Mashariki. Mtu anakupigia, inalia mara moja, anakata. Maana yake ni: nina haja na wewe, lakini gharama ni yako. Hii ni 0800 ambayo mwenye biashara hakuiomba. Na mpokea simu unafanya nini? Usipopiga unaweza kuwa umepoteza harusi ya viti mia tano. Ukipiga, unasikia: "Aa, nilikuwa najaribu kama namba inapatikana."

Lipa namba nayo imo humu humu, kwa sababu ni namba, na ni ya biashara, na ina makato. Tuliichukua ili mteja alipe kwa simu pesa ziingie upande wa biashara moja kwa moja. Mteja wa Unguja anaitazama ile karatasi iliyobandikwa mlangoni, anaisoma kwa makini, kisha anauliza, "Huna ya kawaida nikurushie?" Unampa ya kawaida. Anarusha kiasi kile kile mlichopatana, kamili, bila shilingi ya juu. Unamwambia, "Na ya kutolea?" Anashangaa kama umemtukania ukoo. Ya kutolea imevunja udugu wa watu hapa; mimi nawajua wawili waliosoma chuo kimoja cha Kurani na hawasalimiani kwa ajili ya ya kutolea.

Kibao kikishatundikwa wa kwanza kuisoma namba si wenye harusi. Ni wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wanatuma kwa kila namba wanayoiona, na kwa mtu anayedaiwa pesa ya masufuria na watu wengi ujumbe ule unatisha, kwani huwezi kujua ni mwizi au ni mwenye sufuria. Mke wangu keshajifunza: ujumbe wa namna hiyo anaupeleka 15040 wanakopokea taarifa za matapeli, na mara moja moja anabonyeza nyota 106 reli kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mimi ananiambia nisijibu. Niliwahi kumjibu mmoja kwamba pesa nitatuma, lakini atume kwanza ya kutolea. Hakurudi.

Uamuzi haukutolewa na daftari. Mke wangu aliweka ungo chini, akamwambia mchoraji aandike namba yake ya siku zote, ile ile ya saba tatu aliyonayo tangu mtoto wetu wa kwanza yupo skuli ya msingi, iliyokuwa ya 0747 kabla haijageuzwa. "Wateja wangu wote wanayo," akasema. "Wasiokuwa nayo wataulizia kwa walionayo." Mpwa akataka angalau iandikwe kwa mtindo wa kimataifa. Akajibiwa kwamba wa Maskati hasomi kibao cha Malindi, anaisoma simu yake, na humo namba imo tangu zamani kwa jina la "Mama Viti". Tarakimu kumi, bila kujumlisha, bila mabano. Mchoraji alilipwa, akaongeza nukta moja nyekundu mwishoni kwa hiari yake, na hiyo pia akaitoza.

Namba yenyewe siitaji hapa, maana mhariri atanidai pesa ya tangazo. Lakini wenye shughuli za Mfunguo Mosi nawaomba: pigeni mapema, kabla ya saa nne usiku, semeni tarehe, mtaa na idadi ya viti kwanza, na salamu tutazimaliza kwenye turubai. Wa kubipu hatupigii tena. Na ya kutolea, amesema mwenye biashara mwenyewe, ni ya mteja.